Vidonge vya Hesabu

Nilianza ualimu hapa Awendo wakati kiboko kilikuwa kifaa cha kazi kama chaki. Mtoto aliyekimbilia dirishani na kuacha hesabu nusu, trekta la miwa likipita kuelekea kiwanda cha sukari cha Sony, alichapwa. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini wengi bado wanamwona mtoto huyo kuwa mkaidi tu. Akipimwa hospitalini ikasemekana ana ADHD, yaani tatizo la kukosa utulivu na umakini, na dawa ipo, mama yake ananijia: "Mwalimu, hii dawa si itamzubaisha?" Jirani yake anatarajia kidonge kimtoe mtoto mkiani kimpeleke nafasi ya kwanza.

Wote wawili ningewapeleka Rhode Island, Marekani, mwaka 1937. Daktari Charles Bradley alikuwa na watoto waliopimwa ubongo kwa kutolewa maji ya uti wa mgongo na kuingizwa hewa, kipimo kilichowaachia maumivu makali ya kichwa. Akawapa Benzedrine, aina ya amfetamini, akitumaini maumivu yatapungua. Waliotambua mabadiliko, tena ya darasani, walikuwa walimu. Watoto wakaviita vidonge vya hesabu. Jina hilo ndilo lililovuma, ila mimi nashikilia idadi: kati ya watoto 30, walioinuka sana masomoni ni 14. Wengine walitulia tu, na wachache wakawa wepesi wa kulia.

Ritalin, dawa nyingine ya ADHD ambayo Leandro Panizzon aliitengeneza Uswisi mwaka 1944 na ikapewa jina kutokana na Rita, mkewe, nayo haiwasaidii wote sawa. Ambaye hiyo haimfai, huenda amfetamini ikamfaa. Kidonge cha kawaida huisha nguvu baada ya saa nne hivi, kwa hiyo aliyetulia asubuhi anaweza kuhangaika alasiri. Kukosa hamu ya kula na kuchelewa kulala ni madhara ya kweli kabisa. Kuzubaa mara nyingi huonyesha kipimo kimezidi au dawa haimfai. Tena kutulia si ushahidi wa ugonjwa: mwaka 1978 Judith Rapoport na wenzake waliwapa amfetamini wavulana wasio na tatizo lolote, nao wakatulia.

Wazazi, mkiandikiwa dawa hii, muulizeni daktari anaanza na kiasi gani, na mrudi lini. Kisha pitieni shuleni mtuambie. Sisi ndio tunaokaa na mtoto saa ambazo dawa inafanya kazi.