Ufadhili wa utafiti wa shahada ya kwanza, Bagamoyo na pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam

Ufadhili wa utafiti wa shahada ya kwanza ni fedha, vifaa au nafasi anayopewa mwanafunzi wa chuo kikuu ili akamilishe utafiti wake kabla ya kuhitimu. Nchini Tanzania fedha hizi hazikai katika mfuko mmoja wenye jina. Mwanafunzi huzipata kama kipengele ndani ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), kama posho ya mafunzo kwa vitendo, au kwa kujishikiza kwenye mradi wa mwalimu wake. Njia nyingine, ambayo haimo katika mwongozo wowote, ni mfuko wa mzazi, na huenda ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote.

Makala hii inahusu ukanda unaoanzia Kunduchi, ukapita Mbegani, Mlingotini, Kaole na mji wa Bagamoyo, hadi Saadani.

Eneo na vyuo vyake

Bagamoyo iko takriban kilomita 70 kutoka Dar es Salaam. Mwanafunzi wa Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akipanda gari Makumbusho alfajiri, anaweza kufanya mahojiano matatu na kulala chumbani kwake usiku uleule. Ukaribu huo ni sehemu ya ufadhili, hata kama hakuna anayeuita hivyo: anayekwenda Kigoma au Ruvuma hula nusu ya bajeti njiani, wa Bagamoyo hubaki na fedha ya kazi yenyewe. Ndiyo maana ukanda huu umeandikiwa tasnifu ndogo nyingi kuliko ukubwa wake unavyostahili.

Vya kutafiti navyo vimejazana. Kaole kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe. Mjini kuna Boma la Wajerumani la 1897 na misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa 1868, yenye makumbusho yake. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake cha utafiti na mafunzo hapo Bagamoyo, kilichoshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Mbegani kuna kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA). Kunduchi kuna Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI), iliyoundwa kwa sheria ya 1980, na kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayohusika na sayansi za majini. Mdomo wa Mto Ruvu umezungukwa na mikoko, na Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, hifadhi ambayo mbuga yake inagusa bahari.

Vyuo vya mjini penyewe ni vichache. Chuo Kikuu Kishiriki cha Marian, kilichoanza chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, hufundisha zaidi walimu wa sayansi na hisabati. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, inajulikana kwa stashahada na vyeti. Kwa hiyo mtafiti mwanafunzi anayeonekana Bagamoyo na daftari mkononi mara nyingi ametoka vyuo vikuu vya Dar es Salaam: Mlimani, Muhimbili au Ardhi.

Historia fupi

Uchimbaji wa kitaalamu Kaole ulifanywa 1958 na Neville Chittick, mhifadhi wa kwanza wa mambo ya kale wa Tanganyika. Wakati huo nchi haikuwa na chuo kikuu, na kazi ya mwenyeji katika utafiti ilikuwa kushika sururu. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, na baada ya miaka michache tu kikatoa mfano ambao bado haujapitwa. Mwaka 1968, chini ya John Iliffe na Gilbert Gwassa, wanafunzi wa historia wa shahada ya kwanza walitumwa kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Vita vya Maji Maji. Taarifa zao zilikusanywa pamoja, na hadi leo mtu anayeandika kuhusu vita hivyo lazima azipitie. Ni kazi iliyofanywa na vijana ambao hawakuwa hata na shahada moja.

Mfano huo una somo kuhusu fedha. Mwanafunzi hakuandika ombi lake peke yake. Mradi ulikuwa wa idara, yeye akapewa kipande chake. Utaratibu huohuo ulionekana tena katika Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanza 2001 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa msaada wa Sweden. Mradi huo uliwatumia wanafunzi kukusanya takwimu za lugha, na 2009 ukatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania. Akiolojia nayo, iliyoanza kufundishwa chuoni hapo 1985, huwapeleka wanafunzi kuchimba kwa pamoja kama darasa la uwandani. Felix Chami, ambaye utafiti wake wa uzamivu wa 1994 ulihusu pwani hii katika milenia ya kwanza, ni mmoja wa walimu walioifanya Bagamoyo na vitongoji vyake kuwa darasa la namna hiyo.

Nchi nyingine zimechukua njia tofauti. Chuo cha MIT, Marekani, kilianzisha 1969, kwa uongozi wa Margaret MacVicar, mpango unaomruhusu mwanafunzi yeyote wa shahada ya kwanza kujiunga na maabara ya profesa kwa malipo au kwa alama. Kenya ina Mfuko wa Taifa wa Utafiti uliotokana na sheria ya 2013, ila macho yake yako zaidi kwenye uzamili na uzamivu. Hali ni hiyohiyo kwa fedha zinazopitia Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya 1986. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayesoma matangazo ya ruzuku huko atakuta yameandikwa kwa ajili ya mwalimu wake.

Mkopo

HESLB iliundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005. Mikopo yake ina vipengele: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti, na mafunzo kwa vitendo. Kipengele cha utafiti hakiombwi peke yake. Mwanafunzi huomba mkopo mara moja kwa njia ya mtandao, dirisha likifunguliwa katikati ya mwaka, akiwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA (kwa Zanzibar, Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ZCSRA), mdhamini mwenye kitambulisho cha taifa, na fomu iliyopita kwa afisa mtendaji wa mtaa au kijiji. Bodi hupima uhitaji, kisha hugawa. Aliyepangiwa sehemu tu ya mkopo anaweza kufika mwaka wa mwisho na kukuta safu ya utafiti ina sifuri.

Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu, ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Vitabu na viandikwa vimekuwa shilingi 200,000 kwa mwaka. Mafunzo kwa vitendo hulipiwa kwa siku zisizozidi 56, yaani wiki nane. Wengi hukusanya data ya utafiti wao ndani ya wiki hizohizo nane, na wasimamizi hufumba macho, kwa kuwa wanajua fedha nyingine haipo.

Yote haya ni deni. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, na hiyo ilikuwa nafuu ya kweli, lakini ukweli unabaki kwamba utafiti wa mkopo hulipwa na mtafiti mwenyewe, miaka kadhaa baadaye.

Andiko na bajeti

Andiko la utafiti wa shahada ya kwanza huwa na tatizo, malengo, maswali, mapitio ya maandishi, mbinu, ratiba na bajeti. Walimu husahihisha sana mapitio na mbinu. Ratiba na bajeti hupita bila kuguswa, na hapo ndipo kazi nyingi za pwani huharibika.

Mfano wa karibu ni utafiti wa kilimo cha mwani Mlingotini. Wakulima, wengi wao wanawake, hufunga mwani kwenye kamba zilizovutwa kati ya vigingi, na huingia shambani maji yakipwa vizuri. Maji hupwa hivyo wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Ndani ya siku 56 za mafunzo kwa vitendo bamvua hazifiki tano, na kila moja hutoa siku chache za saa chache za kazi. Mwani nao huchukua takriban wiki sita hadi kuvunwa. Mwanafunzi aliyeandika kwamba atalinganisha mavuno matatu ameandika jambo ambalo bahari haitamruhusu, hata Bodi ikimpa mara mbili ya alichoomba. Akibadilisha swali, kwa mfano akauliza nani humiliki kamba na nani huuza, wiki nane zinamtosha na akiba inabaki.

Bajeti ya kazi kama hiyo ina mistari michache: nauli ya basi, bodaboda kutoka barabara kuu hadi kijijini, gesti kwa siku za bamvua tu (siku za maji mafu arudi chuoni), chakula, kuchapisha hojaji, bando la simu, viatu vya kukanyagia miamba, na kukodi mtumbwi kama shamba liko mbali. Mstari wa vifaa vya kisasa ufutwe kabisa. GPS ya simu inatosha. Na usisahauliwe mstari wa kuwashukuru watu. Mama anayesimamisha kazi maji yakiwa nje ili ajibu maswali amepoteza saa ambayo haitarudi hadi bamvua nyingine, na hojaji ya kurasa sita katika hali hiyo ni utovu wa adabu. Afadhali kumfuata jioni nyumbani.

Vibali

Kwa mtafiti wa shahada ya kwanza kufuatilia barua hula muda mwingi kuliko kutafuta fedha. Waraka wa Serikali wa tarehe 4 Julai 1980 ulimpa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mamlaka ya kutoa vibali vya utafiti kwa walimu na wanafunzi wa chuo hicho kwa niaba ya Serikali. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mlimani hahitaji kwenda COSTECH. Anahitaji barua ya chuo inayotaja jina lake, mada, eneo na tarehe za kuanza na kumaliza.

Barua huelekezwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, na hapa wengi hukosea. Mkoa wa Pwani una makao yake Kibaha, siyo Bagamoyo. Kutoka huko karatasi hushuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa mtendaji wa kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Ukanda unaoonekana mmoja kwenye ramani uko chini ya mikoa mitatu: Kunduchi ni Dar es Salaam, Bagamoyo ni Pwani, na upande wa Mkwaja, kaskazini mwa Saadani, ni Pangani mkoani Tanga. Anayetaka kulinganisha vijiji vya Saadani na Mkwaja aandikiwe barua mbili tangu mwanzo.

Juu ya hizo kuna vibali vya mali yenyewe. Kuchimba Kaole kunatawaliwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ndani ya Saadani kunahitajika idhini ya hifadhi, na utafiti wa wanyamapori hupitia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI). Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975 na yana mamlaka yake. Utafiti wa afya unaogusa miili au siri za watu lazima upite kwenye kamati ya maadili ya chuo, na wakati mwingine kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mwanafunzi asiye na msimamizi mwenye uzoefu wa kamati hizo asichague mada ya kuchukua damu. Muhula utakwisha barua ikiwa mezani.

Milango mingine

Fursa zisizo za mkopo zipo, lakini hazitangazwi kama ufadhili. Muhimu zaidi ni kuingia kwenye mradi unaoendelea: mwalimu mwenye gari, mafuta na kibali hai anaweza kumchukua mwanafunzi mmoja au wawili bila kuongeza gharama kubwa, nao huchota tasnifu zao kwenye data ya pamoja. Taasisi za utafiti za Bagamoyo na Kunduchi hupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwa barua ya chuo. Hazilipi sana, pengine hazilipi kabisa, ila zina maabara, boti na watu wanaojua eneo. Kwa wa bahari, chama cha wanasayansi wa bahari cha WIOMSA, kilichoanzishwa 1993 na chenye makao Zanzibar, hutoa ruzuku ambazo walengwa wake hasa ni waliopita shahada ya kwanza, lakini mwanafunzi anaweza kuwa ndani ya timu ya mwombaji. Mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, yanayoendeshwa tangu 2019, yanawafaa zaidi wenye kifaa cha kuonyesha kuliko wenye hojaji.

Anayetaka kuwa uwandani Bagamoyo mwezi Julai, mvua za masika zikiwa zimekwisha, azungumze na msimamizi kabla ya Krismasi, akamilishe andiko Februari, na barua ya Kibaha iwe imeondoka chuoni kabla ya Pasaka.