Kwa Nini Diski Inaanzia C, na A na B Zilienda Wapi?

Leo tuichunguze ile herufi mnayoiona kila mkifungua kompyuta: C. Hapa Kakamega, ukiingia saiba mojawapo karibu na Masinde Muliro na kuchomeka fleshi, utaambiwa "iko E" au "angalia F". Hakuna anayeuliza A na B zilienda wapi.

Desturi hii ni ya zamani kuliko Windows. Miaka ya 1960 IBM walikuwa na mfumo wa CP/CMS. Diski moja kubwa iligawanywa kuwa diski nyingi za kufikirika, na mtumiaji akaziita zake kwa herufi. Gary Kildall naye akatumia herufi katika CP/M, aliyoiandika 1974, na DOS ya IBM PC ikarithi hayo 1981. A na B zilikuwa za flopi. Kichekesho ni kwamba kompyuta yenye mlango mmoja tu wa flopi bado ilikuwa na A na B: DOS ilikuambia utoe diski hii uweke ile, mlango ukiwa ule ule! Kwa hiyo tangu mwanzo herufi haikuwa jina la kifaa. IBM PC XT ilipotoka 1983 na diski ngumu ya megabaiti 10, herufi iliyofuata ilikuwa C. Flopi zimekufa, C ingalipo.

Balaa lilikuja diski ngumu zilipogawanywa. DOS ilitoa herufi kwanza kwa patisheni kuu ya kila diski, ndipo ikarudi kwa zile nyingine. Ukiongeza diski ya pili yenye patisheni kuu, D yako ya jana leo ni E, na programu iliyozoea D inaandika kwa jirani. Windows 2000 na zilizofuata hukumbuka herufi, lakini kumbukumbu hiyo imo ndani ya Windows yenyewe. Ukiwasha mashine kwa fleshi ya kusakinisha, herufi hugawiwa upya.

Shule moja ya upili huku kwetu ililipia jambo hilo. Fundi aliambiwa afute C na aiache D, yenye rekodi za karo. Akawasha kwa fleshi, herufi zikawa zimebadilishana, naye akafomati C kama alivyoagizwa. Bursa alirudia kuingiza karo kutoka vitabu vya risiti, mzazi mmoja baada ya mwingine. Nilipoitwa, patisheni iliyosalia haikuwa na lebo yoyote. Lebo huandikwa ndani ya patisheni na kusafiri nayo: FAT inakupa herufi 11, NTFS 32. "KARO" ni nne tu!

Wa Linux msicheke. LVM, iliyoandikwa na Heinz Mauelshagen 1998, inakuruhusu jina kamili, lakini ina masharti: herufi, tarakimu, alama ya kujumlisha, nukta, kistari na kistari cha chini, na jina lisianze kwa kistari. Tena kistari hutenganisha kundi na jina, hivyo kilichomo ndani ya jina hurudufiwa. Kundi "shule" lenye "karo-2024" utalikuta /dev/mapper/shule-karo--2024. Skripti isiyojua hilo haitaiona diski. Mimi hutumia kistari cha chini.