Nani Alipe Jasho la Mlimani?

Maji wanywayo watu wa Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa, ni ya mto Ruvu, na chimbuko la mto huo ni milima yetu ya Uluguru. Mvua ipigapo shamba la mteremko lisilo na kinga, udongo hushuka mtoni. Hapo mkulima hupoteza rutuba, na huko mjini gharama ya kusafisha maji huzidi. Basi twauliza: kazi ya kuuzuia udongo ni ya nani, na nani aigharimie?

Serikali ya Kiingereza ilijibu kwa amri. Tangu mwaka 1950 Waluguru waliagizwa kuchimba matuta ya ngazi, na asiyetii alishitakiwa. Watu wakalalamika ya kuwa kazi ni nzito mno, tena jembe lazika udongo mzuri na kufukua ule usio na rutuba. Amri haikulegezwa. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zikatokea Matombo, mtu mmoja akafa, na mpango ule ukaachwa.

Miaka hamsini ikapita. Mwaka 2006 mashirika mawili yasiyotafuta faida, CARE na WWF, yalianza shauri jingine, nalo likafika Kibungo Juu: mkulima akinge shamba lake kwa matuta, miti na majani, alipwe, na watumiao maji ndio walipe. DAWASCO, iliyouza maji mjini, na kiwanda cha vinywaji cha Coca-Cola Kwanza wakakubali kuchangia. Mkulima alijiunga kwa hiari yake, na malipo yakafuata kazi aliyoifanya.

Tazameni: mlima ni ule ule, tuta ni lile lile, na jembe ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mwenye jembe aliulizwa, na jasho lake likahesabiwa kuwa lina thamani. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

Walakini mradi huwa na mwisho, na mvua haina mwisho. Tuta likiachwa misimu michache hubomoka. Kwa hiyo yafaa kampuni zisiyahesabu malipo hayo kuwa sadaka, itolewayo moyo upendapo, bali deni la kila mwaka, kama ujira wa mfanyakazi. Nasi wa mlimani yatupasa kulinda mteremko hata siku ambayo mlipaji hakufika, kwa maana udongo ushukao ni chakula cha watoto wetu kwanza, kabla haujawa tope la mjini.