Dhamana ya Vijana: Tarikhi ya Malezi katika Mji wa Nairobi

Mji wa Nairobi, ulioanza mwaka 1899 kwa mahema ya wajenzi wa reli iliyotoka Mombasa kuelekea Ziwa Viktoria, haukujengwa kwa nia ya kulea watoto. Serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika mwanamume, mwenye nguvu na asiye na mke ubavuni, aje afanye kazi kwa mshahara wa mtu mmoja, alale katika chumba cha vitanda vingi, kisha mkataba wake ukiisha arejee kwao. Na ili jambo hilo lisimamiwe vizuri alitakiwa, tangu mwaka 1920, achukue kipande chenye alama za vidole vyake, akivae shingoni ndani ya kikopo cha bati popote aendapo. Katika hesabu hiyo mtoto hakuwa na nafasi. Maadamu hakuwa kibarua wala mke wa kibarua, yule mvulana wa miaka kumi aliyeonekana sokoni akibeba vikapu vya wanunuzi, au akilala barazani mwa duka la Mhindi, alihesabiwa kuwa mzururaji, na uzururaji ulikuwa kosa la jinai.

Dawa zilizojulikana kwa zama hizo zilikuwa tatu, na sioni haja ya kuzieleza kwa urefu: viboko, kupelekwa katika shule ya marekebisho ya Kabete, iliyokuwapo tangu kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kupakiwa katika lori au gari la moshi ili kurudishwa rizavu, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika. Waliorudishwa walijaa tena mjini kama maji ya bamvua, kwa kuwa lile lililowatoa kwao, yaani uhaba wa ardhi na ufukara wa wazazi, lilikuwa limekaa pale pale likiwangoja. Kumbi za starehe za mitaa ya Pumwani na Kaloleni zilisaidia kidogo kwa michezo na ngumi na mafunzo ya jioni, lakini zilikuwa za watu waliokwisha kuwa na mahali pa kulala.

Kisha likaja lile balaa la Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Uingereza yaliuzingira mji mzima, yakawapekua Wakikuyu, Waembu na Wameru nyumba kwa nyumba, na yakawapeleka kizuizini zaidi ya watu 20,000. Mwenye kuisoma habari hiyo aghalabu huwafikiria wanaume waliochukuliwa, nao kweli waliona madhila. Lakini nyuma ya kila baba aliyepandishwa garini walibaki watoto, na mashamba yao huko vijijini yalikuwa yakigeuzwa vijiji vya kulindwa kwa handaki na miiba. Mayatima hao, na wale ambao baba zao walikuwa hai ilhali hawaonekani, ndio waliomiminika Nairobi kwa miguu. Vijana wengine walikamatwa wenyewe, wakatiwa katika kambi kubwa ya Manyani, kandokando ya njia ya kwenda Mombasa, pamoja na watu wazima walioshitakiwa kwa kula viapo.

Ni katika kambi hizo, wala si katika jumuiya yoyote ya hisani, ndimo yalimozaliwa malezi ninayotaka kuyasimulia, na asili hiyo chungu haifai kufichwa. Geoffrey William Griffin, Mzungu aliyezaliwa Eldoret mwaka 1933, alikuwa afisa wa jeshi wakati wa vita vile. Akaacha jeshi, akaingia katika kazi ya kuwatunza vijana waliozuiliwa, na hao wakatengwa na wakubwa na kupelekwa Wamumu, katika tambarare za Mwea. Huko palikuwa na madarasa, ufundi, gwaride na michezo. Wapo wanaoisifu Wamumu mno, na wapo wanaosema kwamba gereza ni gereza hata likifundisha useremala. Rai yangu ni kwamba wa pili wana haki zaidi, kwa sababu kijana aliyefundishwa pale hakuulizwa kama anataka kuwapo. Hata hivyo, kuna jambo moja walilojifunza walezi wa Wamumu ambalo hakuna aliyewatuma walijifunze: kwamba mvulana aliyehesabiwa kuwa mtu wa hatari, akikabidhiwa wenzake awaongoze, aghalabu huilinda dhamana ile kwa ghera kuliko askari anayelipwa.

Mnamo Novemba 1959 Griffin, pamoja na wenzake wawili katika kazi hiyo ya vijana, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walifungua kituo katika mtaa wa Starehe. Mali yao ilikuwa vibanda viwili vya bati walivyopewa na kampuni za mafuta za Shell na BP, na wavulana wa kwanza walikuwa 17, wote mafukara wa njiani. Haikuwa shule bado. Ilikuwa mahali pa kulala, kuoga na kula, na masomo yakaja yakifuata tumbo, kama ilivyo tabia ya mambo haya. Lakini vibanda vikawa mabweni, madarasa ya mwanzo yakazaa sekondari, na baada ya miaka si mingi jina la Starehe likawa likisomwa miongoni mwa majina ya juu kila yalipotangazwa matokeo ya mitihani ya taifa. Mtoto asiye na uwezo alisoma bure. Mwenye wazazi wa kujiweza alilipa. Na wote wawili walivaa sare moja na kufagia ua mmoja, hata mgeni asiweze kuwatambua nani ni nani.

Wengi wakiulizwa siri ya Starehe hutaja nidhamu, nami sikatai, ila nidhamu ilikuwako hata Kabete. Lililokuwa geni ni baraza. Wanafunzi walikutanika na mkurugenzi wao, na kila mmoja, hata yule mdogo aliyefika juzi, alikuwa na ruhusa ya kusimama na kutoa shitaka lake juu ya chakula, juu ya kiranja aliyemwonea, au juu ya amri iliyomwelemea, bila kuadhibiwa kwa kauli yake, na jawabu lilitolewa papo hapo mbele ya wote. Mtu aliyelelewa pwani hatashangazwa na baraza, kwa kuwa ndiko tulikofundishwa kusikiliza na kujibu kwa staha. Lakini katika shule za zama zile, ambamo mtoto alitakiwa asikie asijibu, ilikuwa ni bidaa. Tena wakati wa likizo wavulana walikwenda kutumika bila ujira katika hospitali na maofisi ya serikali. Hapo palikuwa na busara kubwa: kijana aliyezoea kupokea sadaka, siku atakapotoa cha kwake hata kama ni jasho tu, hujiona kuwa mtu kamili.

Serikali ya Kenya huru iliyaona hayo, na ilipoanzisha Huduma ya Vijana kwa Taifa mwaka 1964, ikamfanya Griffin kuwa mkurugenzi wake wa kwanza, kazi aliyoichukua sambamba na ile ya Starehe mpaka mwaka 1988. Starehe hakuiacha hadi alipofariki mwezi Juni 2005, mwaka ule ule ilipofunguliwa shule ya wasichana yenye jina hilo. Na ucheleweshaji huo wa zaidi ya miaka 45 kwa upande wa wasichana ni doa ambalo wengi wanaomsifu hulipita kwa haraka.

Lakini kufaulu nako kuna ushuru wake. Kadiri Starehe ilivyopanda, ndivyo mlango wake ulivyokuja kufunguliwa kwa alama za mtihani: fukara mwenye akili ya vitabu aliingia, ama yule aliyekimbia shule akiwa darasa la pili hakuwa tena na pa kubishia hodi. Miaka ya 1970 Nairobi ikajaa wavulana waliowaonyesha wenye magari mahali pa kuyaegesha na kuyalinda kwa senti, hata watu wakawaita kwa jina la kazi hiyo. Kwa ajili yao padri Arnold Grol, Mholanzi, aliasisi jumuiya ya Undugu, nayo ikaamua, kwa insafu, kutowangoja watoto wapande ngazi ya shule bali kuishusha ngazi hadi walipo: elimu ya msingi iliyofupishwa, itolewayo humo humo mitaani, na baada yake ufundi wa mbao au wa chuma kwa mafundi wa jua kali.

Mwaka 1987, katika mtaa wa mabanda wa Mathare, humo humo Nairobi, Bob Munro wa Kanada alifanya mapatano na watoto waliokuwa wakicheza mpira wa juala kando ya taka: atawasaidia mpira, nao wasafishe mtaa. Katika ligi yao timu iliyoshinda ilipata pointi 3, na iliyotimiza zamu ya usafi ikapata 6. Viongozi walichaguliwa na vijana wenyewe, na waliojitolea zaidi walilipiwa karo moja kwa moja shuleni. Kutokana na ligi hiyo ya matopeni ilizaliwa timu ya Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Mwaka 2003, ada ya shule za msingi ilipoondolewa, serikali iliwachukua vijana wa mitaani kwa mamia ikawapeleka katika kambi za Huduma ya Vijana kwa Taifa wakajifunze kazi. Lakini kitabu cha historia ya vijana wa malezi hayo yote, kwa vinywa vyao wenyewe, bado ni haja kubwa. Wale waliokuwa wavulana wa Wamumu ni wazee wa miaka zaidi ya 80, na wale wa Starehe ya 1959 wamepita 70. Ewe msomaji, ukiwa na babu, mjomba au jirani miongoni mwao, keti naye, umwulize, uyaandike majibu yake.