Kraudi: Jibini ya Waliouza Siagi

Katika Nyanda za Juu za Uskoti na visiwa vilivyo magharibi mwake, jibini iliyozoeleka zaidi katika nyumba za watu wa kawaida haikuwa ile ngumu inayohifadhiwa kwa miezi mingi, bali jibini laini, nyeupe na yenye uchachu, ambayo wasemaji wa Kigaeli huiita *gruth*, na ambayo kwa Kiskoti, lugha ya Nyanda za Chini iliyo jamaa ya Kiingereza, hujulikana kama kraudi. Jina hili la pili linahitaji uangalifu, kwa kuwa kusini mwa nchi neno hilohilo lilitaja chakula kingine kabisa, yaani unga wa oti uliokorogwa kwa maji, na msomaji wa maandishi ya zamani asiyezingatia mwandishi alitoka upande gani anaweza kudhani anasoma habari za maziwa, kumbe ni za nafaka.

Kraudi ilizaliwa na namna maziwa yalivyogawanywa. Maziwa yaliachwa yatulie katika vyombo vipana hadi malai, yaani utando wa mafuta, yaelee juu. Malai hayo yalienguliwa na kusukwasukwa ili kupata siagi, na maziwa yaliyosalia, ambayo yalikuwa yameondolewa sehemu kubwa ya mafuta, ndiyo yaliyoachwa yachache. Bakteria waliomo katika maziwa mabichi hugeuza sukari yake kuwa asidi ya laktiki, na asidi ikiongezeka huigandisha kaseini, ambayo ndiyo protini kuu ya maziwa, bila kuhitaji kimeng'enya cha tumbo la ndama kinachotumika katika jibini ngumu. Mgando huo ulipashwa moto taratibu hadi mabonge yakajitenga na maji yake, na hapo ndipo ustadi ulipopimwa, kwani joto likizidi kidogo tu jibini hukakamaa na kuwa chengachenga. Baadaye mabonge yalifungwa katika kitambaa cha melimeli, yakaning'inizwa yachuruzike, kisha yakatiwa chumvi. Palipokuwa na nafasi yalirudishiwa malai kidogo, au yakachanganywa na siagi mpya kuwa *gruitheam*, kitu cha kupakwa juu ya mkate mkavu wa oti.

Kazi hii yote ilikuwa mikononi mwa wanawake. Kila kiangazi wao na wasichana walipanda na ng'ombe hadi malisho ya milimani, mahali palipoitwa *àirigh*, wakaishi katika vibanda vya mawe na udongo wenye nyasi huku wakikamua na kutengeneza siagi na jibini. Desturi hiyo ilififia mapema katika sehemu nyingi za bara, lakini katika kisiwa cha Lewis ilidumu hadi karne ya 20. Siagi na jibini iliyoweza kukaa zilikuwa na thamani nje ya nyumba, hata zikahesabiwa kuwa sehemu ya kodi ya ardhi aliyolipwa mwenye shamba, ilhali kraudi, inayoharibika baada ya siku chache, haikuweza kupelekwa mbali. Kwa hiyo ilibaki kwa wale walioitengeneza, na kwa sababu hiyohiyo iliacha alama chache katika daftari za biashara. Tofauti yake na jibini ya Dunlop ni kubwa: hiyo ya pili, ambayo mapokeo ya Ayrshire yanamhusisha nayo Barbara Gilmour wa mwishoni mwa karne ya 17, ilitengenezwa kwa maziwa yasiyoenguliwa, ikakomazwa, ikauzwa, na hivyo ikapata mwanzilishi mwenye jina. Kraudi haina mwanzilishi, na si haki kuuchukua ukimya huo kuwa dalili ya udogo wake.

Sheria ya mwaka 1886 iliwapa wakulima wadogo wa Nyanda za Juu uhakika wa kutofukuzwa ovyo katika vishamba vyao vya kukodi, na ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa waliendelea kuilisha kaya. Ndiyo maana Finlay J. Macdonald, alipoandika kumbukumbu za utoto wake katika kisiwa cha Harris, kitabu kilichotoka mwaka 1982, alikiita kwa jina la kraudi na malai. Kilichoiangusha kraudi hakikuwa mabadiliko ya ladha, bali kutoweka kwa ng'ombe huyo wa nyumbani katika karne ya 20, maziwa ya dukani yalipochukua nafasi yake.

Katika miaka ya 1960, Susannah Stone wa Tain, mji wa kaskazini, alianza kuitengeneza kwa ajili ya kuuza, na kutokana na kazi yake zikaja aina zilizoongezwa malai, kama *gruth dhu*, yaani kraudi nyeusi, inayoviringishwa katika oti na pilipili manga. Maziwa yanayopashwa joto kuua vijidudu hupoteza pia bakteria wanaoyachachusha, kwa hiyo mtengenezaji wa kraudi ya namna hiyo hulazimika kutia kimea cha bakteria kilichotayarishwa, akifanya kwa makusudi kile ambacho maziwa mabichi ya milimani yalijifanyia yenyewe.