Kwa nini nyimbo za tamthilia za zamani hazitoki kichwani

Mtu mzima amekaa ofisini, shati limepigwa pasi, kompyuta mbele yake. Ghafla vidole vinaanza kugonga meza na anaimba chinichini, mdomo umefumbwa. Mwenzake anapita na kuuliza, "Huo si ule wimbo wa Knight Rider?" Anakana. Eti ni kitu tu alichosikia kwenye daladala asubuhi.

Watu wa aina hii ni wengi. Atakwambia bila kusita kuwa anampenda Mbaraka Mwinshehe au Franco. Ila kukiri kuwa moyo unamdunda akisikia muziki wa kufungulia tamthilia ya Mexico aliyoiangalia miaka 20 iliyopita, hapo anatazama kwanza nani yuko karibu. Ni raha ya kujificha.

Aibu yenyewe ina sababu. Wimbo wa kufungulia kipindi ulitengenezwa ili kuuza kipindi, kwa hiyo wengi wanauweka kapu moja na kibwagizo cha tangazo la sabuni. Halafu hukuuchagua. Ulikuingia utotoni, kwa sababu mtu mwingine ndiye aliyeshika rimoti.

Kazi yake ya kwanza: kuita watu

Kabla ya simu janja na video za kuangalia muda wowote, kipindi kikipita kimepita. Aliyekuwa jikoni, uani au dukani alitakiwa ajue kinaanza, na alikuwa na chini ya dakika moja ya kukimbia. Ndiyo maana nyingi ya nyimbo hizi zinaanza kwa kishindo. Ule wa Hawaii Five-O, alioutunga Morton Stevens mwaka 1968, unafunguka kwa ngoma zinazobingirika kabla tarumbeta hazijaingia. Hata ungekuwa unafua, ungesikia.

Watanzania waliuzoea mwito wa namna hiyo hata kabla ya runinga. Ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, msanii asiyeona aliyekuwa akipiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja, zilitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam kwa miaka mingi. Zikilia, watoto wananyamazishwa. Huo hakuna anayeuonea aibu, kwa sababu uliita watu kwenye habari, mambo ya wakubwa. Ule ulioita watu kwenye mapenzi ya Wamexico ndio unaokanwa ofisini.

Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Bara walisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza. Hata baada ya hapo, kwa watoto wengi TV ilikuwa kwa jirani. Muziki uliopita dirishani ndio ulikuwa saa yao, na miguu ilijua njia. Wapo pia walioambulia wimbo peke yake, maana siku hiyo mlango wa jirani ulifungwa.

Kumbe waliozitunga ni mafundi

Chukua Mission: Impossible. Lalo Schifrin, mzaliwa wa Buenos Aires, aliutunga wimbo huo mwaka 1966 kwa mapigo matano badala ya manne yaliyozoeleka. Mpangilio wa mapigo yake, marefu mawili na mafupi mawili, unalingana na herufi M na I kwenye alama za simu za Morse. Yaani jina la kipindi limo ndani ya mdundo wenyewe.

Wa The X-Files una hadithi ya bahati. Mtunzi wake, Mark Snow, ameeleza kuwa ule mwangwi unaojirudia aliupata baada ya kiwiko chake kuegemea kinanda wakati kifaa cha mwangwi kimewashwa. Akaupenda, akauacha. Kipindi kilianza 1993 na hadi leo mtu akisikia mluzi ule usiku anageuka nyuma.

Na kama umewahi kucheza Mundian To Bach Ke ya Panjabi MC kwenye harusi, basi umecheza Knight Rider. Sauti nzito inayotembea chini ya wimbo huo inatokana na kipindi hicho cha mwaka 1982, kazi ya Stu Phillips na Glen Larson. Busta Rhymes naye aliichukua.

Kuna zilizoshinda hata kwenye chati. Muziki wa Miami Vice wa Jan Hammer, usio na neno hata moja, ulishika namba moja Marekani Novemba 1985.

Ila kisa cha Friends ndicho kinachoonyesha vizuri jinsi aibu hii inavyofanya kazi. Mwaka 1994 wimbo wake ulikuwa mfupi, haufiki dakika moja, ule wenye makofi manne. Kituo kimoja cha redio cha Nashville kiliurudiarudia hadi ukawa na urefu wa wimbo wa kawaida, kikaupiga, wasikilizaji wakaanza kuuomba. The Rembrandts walioimba wakalazimika kurudi studio na kurekodi mzima. Wanamuziki hao wamewahi kueleza kuwa mwanzoni walisita hata kuhusishwa na wimbo wa TV. Wenyewe waliona haya kabla ya mashabiki! Na mmoja wa waliouandika, Allee Willis, ndiye huyohuyo aliyeshiriki kuandika September ya Earth, Wind & Fire. Huo wa pili watu wazima wanaucheza kwenye sherehe mikono juu, bila kujificha.

Kihispania cha kubahatisha

Kwa Afrika Mashariki, zilizogonga zaidi ni za tamthilia za Amerika ya Kusini na Mexico. Maongezi yalitafsiriwa kwa Kiingereza, midomo ikienda huku na maneno kule, lakini wimbo uliachwa kwa Kihispania chake. Basi watu wakaimba walichosikia. Kizazi kizima kina maneno kichwani ambayo si Kihispania, si Kiswahili, si chochote, na yanaimbwa kwa hisia zote.

Mara nyingi mwimbaji na mhusika mkuu walikuwa mtu mmoja. Thalía alicheza na kuimba kwenye María Mercedes (1992), Marimar (1994) na María la del Barrio (1995). Kwa hiyo machozi ya mhusika yalihamia kwenye sauti, na sauti ikaendelea kuliza watu hata TV ikiwa imezimwa.

Kichwani kunatokea nini?

Hesabu kwanza. Tamthilia ya sehemu 100 inayofunguliwa na kufungwa kwa wimbo uleule ni mara 200. Ni wimbo gani wa redio uliousikia mara 200 ndani ya miezi mitano, tena ukiwa umetulia na macho mbele?

Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Kelly Jakubowski wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walichapisha matokeo yaliyotokana na watu 3,000. Waligundua kuwa nyimbo zinazonasa kichwani huwa na kasi kiasi na sauti rahisi kuifuata, halafu zina mruko au marudio fulani yasiyo ya kawaida. Ukiitazama orodha hiyo, ni kama maelekezo ya kutengeneza wimbo wa TV.

Miaka saba kabla, Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alionyesha kuwa eneo la ubongo lililo nyuma ya paji la uso huamka mtu anaposikia muziki uliofungamana na maisha yake mwenyewe.

Hapo ndipo penye uzito. Ukiusikia tena wimbo huo, mara nyingi kisa cha tamthilia hakirudi. Nani alimwoa nani, umesahau. Kinachorudi ni chumba: mkeka, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, umeme uliokatika palepale siri ilipokuwa inafichuka, na bibi aliyekuwa akimtukana mhusika mbaya kana kwamba anamsikia. Kwa walio wengi bibi huyo hayupo tena. Hakurekodiwa popote. Wimbo wa sekunde 40 ndio ulioshika alipokuwa amekaa.

Kitufe cha kuruka

Mwaka 2017 Netflix ilileta kitufe cha kuruka utangulizi. Miaka mitano baadaye kampuni hiyo ilisema kitufe kinabonyezwa mara milioni 136 kwa siku ya kawaida, na kwamba watazamaji kwa pamoja wanaokoa muda sawa na miaka 195. Kila siku. Si ajabu basi kwamba vipindi vingi vya sasa vinafunguliwa kwa mlio wa sekunde chache na jina, basi. Mwito hauna kazi tena kama anayeitwa ameshika simu mkononi na ndiye anayeamua kipindi kianze lini.

Lakini si wote wanaobonyeza. Mwaka 2025 The White Lotus iliporudi na msimu wa tatu, mashabiki walilalamika kwa sababu ile sauti ya kuitikia waliyoizoea kwenye wimbo wa kufungulia ilikuwa imeondolewa. Hawakulalamikia waigizaji wala kisa, bali kile kipande ambacho eti kila mtu anakiruka. Mtunzi wake, Cristobal Tapia de Veer, baadaye aliweka YouTube toleo refu lenye sauti hiyo.