Kiini cha Linux: ginsi ya kujibu wakati piloti inaombwa kusafishwa

Telefone nyingi zinazotumiwa Goma, Bukavu ao Bunia zinatembea na Android. Chini ya Android kuko Linux, kiini cha programu ambacho Linus Torvalds alianzisha huko Finland mwaka wa 1991. Ili kiini kiongee na kamera, skrini ao batri, kinahitaji programu ndogo inayoitwa piloti.

Piloti kufanya kazi peke yake haitoshi. Mbele ya kuikubali, wasimamizi wa kiini wanaisoma mstari kwa mstari na kutoa mashauri: majina yaeleweke, mistari isiwe mirefu sana, sehemu isiyotumika iondolewe. Juu ya nini kusumbuka na usafi kama kifaa kinawaka? Kwa sababu piloti inaweza kuishi miaka mingi, na mwenye kuitengeneza kesho pengine si yule aliyeiandika.

Mwenye kupokea mashauri anafuata mambo haya:

- Anajibu kila shauri, moja moja. Kukataa kunaruhusiwa, lakini kwa sababu ya kiufundi, si kwa hasira.
- Hachanganyi kazi. Kusafisha kunakuwa na kiraka chake, kusahihisha kosa kiraka kingine. Hivyo, kitu kikiharibika, ni rahisi kujua kiraka gani kimekiharibu.
- Anapotuma tena, anaandika kwamba ni toleo la 2, na anaeleza nini kimebadilika.
- Programu ya checkpatch inamuonyesha makosa ya uandishi, lakini haiko hakimu. Uamuzi wa mwisho ni wa watu.
- Kama jibu halijafika, anangojea hata wiki moja mbele ya kukumbusha.

Kunyamaza kuko na bei. Mwaka wa 2008, Greg Kroah-Hartman alifungua ndani ya kiini sehemu inayoitwa staging, mahali piloti ambazo hazijakuwa safi zinangojea kusafishwa. Piloti za Android ziliingia humo mwaka wa 2009. Lakini hakukuwa mtu wa kuzisafisha, na zikaondolewa katika toleo la 2.6.33, lililotoka mwanzoni mwa 2010. Zilirudi tu mwaka wa 2012, katika toleo la 3.3.

Microsoft pia ilipita njia hiyo. Mwaka wa 2009 ilitoa mistari karibu 20.000 ya piloti zake za Hyper-V. Kazi ya kuzisafisha ilichukua miaka, kiraka juu ya kiraka, mpaka zikatoka staging na kupata nafasi yao ya kawaida.

Basi, jina kubwa la kampuni halisaidii. Piloti inabaki ndani ya kiini ikiwa kuko mtu wa kuijibia.